Saa Ilisimama kwa Mtu wa Tano

Saa tisa na robo alasiri. Kengele ya mwisho imelia, na mtunza stoo wa shule ameshafunga dirisha lake la kutolea vifaa. Nyuma yake kuna maboksi ya chaki, mifagio, na madawati mabovu yanayomsubiri fundi. Kwenye msumari wa mlangoni inaning'inia saa ya kupimia mbio, kamba yake imefungwa fundo mara mbili. Anaivaa shingoni, anachukua daftari lenye jalada la kijani, na kutoka nje.

Kwa saa moja na nusu ijayo yeye ni kocha wa mbio za nyika wa timu ya wasichana. Kazi hiyo haina mshahara. Ana miaka arobaini na sita, na wanafunzi humwita Mama Saa. Mumewe, fundi cherehani, ana lake la kusema. "Nyumbani kwetu mimi na ile saa ni wake wenza," anasema, "na mwenzangu ndiye kipenzi."

Leo ana wakimbiaji wanne. Anahitaji watano.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika mashindano ya shule, timu huruhusiwa kupeleka wakimbiaji saba, na pointi zinazohesabiwa ni za watano wa kwanza kufika. Ukiwa na wanne, hata wakishika nafasi nne za juu, timu haipo kwenye matokeo. Majina yanatakiwa ofisini kesho Ijumaa, saa nne asubuhi. Mkuu wa shule ameshamwambia wazi kwamba yasipotimia, kipindi cha mbio kitapewa masomo ya ziada, na yeye abaki na chaki zake.

"Simlaumu," anasema Mama Saa. "Timu nimeivunja mwenyewe."

Si kwamba hajui kutafuta watoto. Darasa likiishiwa chaki, hutuma mwanafunzi stoo. Kutoka madarasa ya mwisho hadi dirishani kwake ni kama mita mia tatu, na kipande cha mwisho ni kilima. Mama Saa hutega sikio. Anayefika mbio na bado akaweza kusema, "Shikamoo mama, mwalimu wa hesabu anaomba boksi moja la chaki nyeupe," bila kuhema, hupewa chaki na kuambiwa aje uwanjani kesho. Mwandishi wa makala haya alijaribiwa kwa njia hiyo hiyo. Aliishia kwenye "shikamoo".

Kwa mbinu hiyo, mwanzoni mwa mwaka alikusanya wasichana ishirini na mmoja. Muhula ulipokwisha walikuwa wamebaki wanane.

"Kumpata mtoto ni rahisi," anasema. "Kazi ni kumbakisha. Mimi nilidhani wanaoondoka ni wavivu. Nilisema hivyo kwenye kikao cha walimu, tena kwa sauti."

Kisha mambo yakazidi kuharibika. Katika wale wanane, wawili walihama shule, mmoja akaumia mfupa wa mguu, na mmoja baba yake akamwambia achague mbio au mtihani. Ndipo Mama Saa alipojifungia stoo na daftari lake, akianza ukurasa wa kwanza, kutafuta tatizo lilikoanzia.

Halikuwa limejificha. Kila ukurasa ulikuwa na mistari mitano. Kwa kuwa wanaohesabiwa ni watano, alikuwa na mazoea ya kubonyeza saa mtu wa tano anapovuka, kuandika, kisha kuanza kukusanya viatu. Wa sita na kuendelea walifika wakamkuta ameinama kwenye gunia. Muhula mzima, ni majina manane tu yaliyokuwa yakizunguka katika ile mistari mitano. Wale kumi na watatu walioondoka, hakuna hata mmoja aliyewahi kuandikwa.

"Watoto wamekimbia miezi mitatu na hakuna anayejua wamekimbia," anasema, akilishika daftari kwa mikono miwili. "Nililia pale stoo. Sikuona aibu kulia, niliona aibu kwa nini sikuliona mapema. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo tunavyosema. Hawa walikuwapo, na bado lao halikuwapo."

Alianza kuwafuata nyumbani, mmoja mmoja, kwa miguu, baada ya kufunga stoo. Alikaribishwa viti, alipewa maji, alikataliwa kwa adabu. Watatu walikuwa wameshaingia kwaya ya shule. Mmoja alimwambia anampenda sana ila miguu yake haimpendi yeye. Kumi na wawili walikataa.

Wa kumi na tatu alimwacha mwisho makusudi. Ni msichana wa kidato cha pili ambaye kila siku alifika wa mwisho, hata wenzake wakambandika jina la Mkia.

"Na mimi nilicheka," anasema Mama Saa. "Andika hilo. Usiliache."

Mama wa msichana huyo ni msusi, ana chumba kimoja chenye vioo viwili na benchi la wateja. Jumatatu jioni Mama Saa alimkuta ameshika kichwa cha mteja, na binti anafagia nywele sakafuni.

"Karibu dada," msusi alimwambia, bila kuacha kusuka. "Nakujua. Wewe ndiye mwenye saa."

Mama Saa akaeleza kilichomleta na kuomba radhi. Mteja kwenye kiti akatega sikio. Msusi alimaliza msuko mzima kabla ya kujibu.

"Mkono mtupu haulambwi, dada. Mwanangu alikuwa anarudi hapa amechoka, miguu imejaa vumbi. Namuuliza, leo umekimbia kwa dakika ngapi? Ananiambia, sijui mama. Miezi mitatu, sijui mama. Mwishowe nikamwambia basi, kaa unisaidie kufagia, angalau nywele zikiisha sakafuni unaona."

Binti alifagia mpaka kocha aliposimama kuaga. Ndipo akauliza, "Nikirudi, saa itasimama lini?"

"Ukifika wewe."

"Nitafikiria," akasema, na kuendelea kufagia.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo ni Alhamisi, na uwanjani Mama Saa anafunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Wale wanne wameshajinyoosha na sasa wanataniana. Njia ni mizunguko mitatu, jumla kilomita tano: nyuma ya jiko la shule, kupita tangi la maji, kushuka kando ya uzio, na kupanda kile kilima cha stoo.

Filimbi iko mdomoni anapotokea msichana mwembamba upande wa madarasa. Amevaa sare ya shule, na vibanio viwili vya nywele vimesahaulika kwenye kola.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuona kama ulisema kweli."

Mama Saa anamfungulia gunia la viatu, naye anachagua jozi.

Wa kwanza anamaliza kwa dakika ishirini na mbili. Wa nne, ishirini na tano na nusu. Wanaelekea kwenye ndoo ya maji, lakini kocha ananyoosha mkono. "Hakuna kunywa. Bado mwenzenu." Wanatazamana, wanakaa chini.

Dakika ya ishirini na tisa, mkuu wa shule anapita na mkoba wake. "Mbona hamjamaliza?"

"Bado mmoja, mkuu."

Mkuu anaangalia uwanja mtupu, anaangalia saa inayokwenda, anasimama kando.

Dakika ya thelathini na moja, bawabu anatikisa funguo getini. Msichana ameonekana kwenye tangi, anatembea. Nahodha wa timu ananyanyuka, anashuka hadi chini ya kilima, na kumsubiri pale. Mwenzake anapomfikia ameanza tena kukimbia. Wanapanda pamoja, na hatua chache kabla ya mstari nahodha anabaki nyuma.

Mama Saa anabonyeza. Thelathini na nne na sekunde kumi na mbili.

Anakaa kwenye jiwe na kufungua daftari. Mistari minne imejaa. Anaweka kalamu kwenye wa tano, kisha anainua macho. "Niandike jina gani?"

"La darasani," msichana anasema akihema. "Yote matatu."

Anaandika yote matatu, taratibu, na muda mbele yake. Mkuu wa shule anayasoma kwa juu ya bega lake. "Niletee kesho saa nne," anasema, na kwenda zake.

Maji yananywewa. Mama Saa anasema mwakani anataka wasichana thelathini, na ameshaomba daftari kubwa lenye mistari thelathini kila ukurasa. Jumamosi hii, siku ya mashindano, hatarajii kombe. "Nataka watano wafike," anasema. "Nami nitakuwa pale mpaka wa mwisho."

Msichana amevua viatu vya timu na kuvirudisha kwenye gunia. Anaomba kalamu. Analivuta daftari karibu, anatazama mstari wake, na kunakili ule muda kwenye kiganja chake cha kushoto. Kisha anafunga ngumi ili jasho lisiufute, na kushika njia ya kwa mama yake.