Jina la Mtoto wa Mativo

Kavutha hakuwa mwanamke wa kuyumbishwa. Akisema lake, amesema. Pale Dandora watu walimjua kwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, aliouza kila Jumamosi na kwa ulimi wake, na wapo walioapa kwamba ulimi ndio uliounguza zaidi. Mumewe Wathome, mchonga vinyago, alikuwa mpole kupita kiasi. Sasa mzee wa watu alikuwa anasahau. Alianza kwa kusahau alipoweka patasi, ikaja njia ya chooni, mwishowe akawa anamwuliza mkewe kwa adabu kabisa, "Mama, wewe ni wa nani?" Baba yake Wathome, mzee Mativo, alikufa vivyo hivyo huko Machakos, akiwaita ng'ombe waliokwisha kuuzwa zamani.

Mwaka wa tisini na sita watafiti walifika mtaani kuomba damu ya wazee. Daktari wao, binti mmoja aitwaye Ayuma, alieleza bila haraka. Ndani ya damu, alisema, mna jeni, maagizo ya mwili ambayo kila mtu huyarithi kwa wazazi wake. Ng'ambo, aina moja ya jeni ilikuwa imeonekana sana kwa watu wanaopoteza kumbukumbu. Wao walitaka kujua kama na hapa kwetu ni hivyo.

"Na dawa?" Kavutha aliuliza.

"Dawa hatuna, mama. Nisikudanganye."

"Lakini hicho kitu, baba anampa mtoto?"

"Anaweza kumpa, ndiyo."

Basi, hilo tu ndilo alilosikia. Mengine yote yalimpita. Nzisa, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba ya kwanza, na kwa Wakamba jambo hili halina mjadala: mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na watu husema babu amezaliwa tena. Mwanawe mwenyewe aliitwa Mativo kwa njia hiyo hiyo. Kavutha alijiona mjinga. Alikwisha kumpa mwanawe jina la mgonjwa mmoja, na sasa alitakiwa kumpa mjukuu jina la mgonjwa wa pili!

Nzisa akajifungua mvulana. Siku ya kumpa jina, Kavutha alisimama mbele ya wanawake akatangaza kwamba mtoto ni Nzau, jina la baba yake Nzisa. Wanawake wakatazamana.

"Mwaitu, mama yangu, jina haliambukizi," Mativo alimwambia baadaye. "Kama ni damu, si ashaipata kwangu?"

"Damu sina uwezo nayo," Kavutha akajibu. "Jina ninalo."

Lakini Wathome, aliyesahau kila kitu, hilo moja hakulisahau. Kila alipomwona mtoto aliuliza.

"Huyu ni wa Mativo?"

"Ndiye."

"Wa kwanza?"

"Wa kwanza."

"Basi ni mimi huyu."

"La, mzee. Ni Nzau."

Hapo uso wake ulisawijika. "Niliwakosea nini?" aliuliza, kwa sauti ndogo. Kesho yake alikuwa amesahau kwamba aliuliza, akauliza tena, akaumia upya. Kavutha alikuwa akienda jikoni kulia, akizigonga sufuria sana ili asisikike.

Miaka miwili baadaye Ayuma alirudi kuwashukuru waliotoa damu. Kavutha alimbana mlangoni.

"Aina ile ya jeni tumeiona hata kwa wazee wengi wenye akili timamu," Ayuma alisema. "Hapa kwetu haituambii nani atasahau na nani hatasahau. Bado hatujui, mama."

"Hamjui?"

"Hatujui."

Afadhali angemtukana. Kavutha aliingia ndani. Mtoto alikuwa sakafuni akigonga kopo, na Wathome amemwinamia kwenye kiti chake.

"Huyu ni wa Mativo?"

"Ndiye. Wa kwanza." Kavutha akamsogelea. "Ni wewe, mzee. Anaitwa Wathome."

Mzee akacheka, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika nyumbani humo kwa muda mrefu. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Wathome! Njoo!"

Mtoto aliendelea na kopo lake.

"Wathome! Wathome!"

Hakugeuka. Mzee akaishusha mikono polepole, akamtazama mkewe.

"Mama," akasema, "mbona haniitikii?"