Goti Lisilopigwa

Mimi Okinyi, Baba Winny kwa wateja, nina bucha mtaa wa Umoja, na sipendi mtu anifundishe kazi ya shoka. Lakini Kavata nilimpenda tangu alipoanza kuja kila Ijumaa kuchukua magoti mawili ya ng'ombe mmoja. Nilikuwa namtania, "Daktari, supu ya leo ni ya nani?" Anacheka, anayatia kwenye ndoo ya barafu, anaenda.

Kumbe hapiki. Ni fundi wa maabara chuoni. Goti moja analiangushia chuma, la pili haligusi. Kisha anabonyeza gegedu, ile nyama nyeupe ya kuteleza kwenye ncha ya mfupa, na mashine inapima limelegea kiasi gani. Wanataka kujua mtu akigongwa na bodaboda, goti linaharibika vipi ndani hata kama picha ya hospitali haionyeshi kitu.

Ijumaa moja alikuja mapema, macho mekundu. "Baba Winny, nitafutwa kazi." Magoti yote yalikuwa yanatoka sawa, lililopigwa na lisilopigwa, yote yamelegea. Miezi minne hivyo. Mashine ilikaguliwa, haina shida. Mkubwa wake alisema basi shida ni yeye, hajui kupima, na akampa mpaka Jumatatu.

Nilimhurumia, kusema kweli. Siku zingine hunikuta nimeshamfungia mzigo, lakini leo nilikuwa bado. Nikaweka goti kwenye gogo, nikaligonga kwa mgongo wa shoka, mkono ukifuata mazoea.

"Umefanya nini?"

"Nalegeza, kama ya kila kastoma. Likiingia sufuriani linaachana bila taabu."

"Huwa unayagonga yote?"

"Yote. Kastoma mzuri simpi goti gumu."

Aliketi kwenye kreti ya soda. Nilidhani atanitukana, nami ningemjibu. Aliligeuza tu lile goti mkononi. Kwa macho halikuwa na hata alama.

"Mashine ilikuwa inasema ukweli," akasema.

Jumatatu nilifunga bucha nikamfuata chuoni, ili nijieleze mwenyewe. Mkubwa aliuliza ni nani aliyeyapiga magoti. Kabla sijafungua mdomo Kavata akajibu, "Kosa ni langu. Sikuwahi kuuliza yanavyokatwa."

Mkubwa alisoma karatasi za vipimo vyake, kisha akamwambia abaki kazini, ila aanze upya. Miezi minne ya dada wa watu ilitupwa, na mimi, na mdomo wangu wote huu, nilisimama pale nikiona haya.