Nilimrudisha Mama Kwenye Mahema

Mimi ndiye niliyemfukuza mama yangu, na sikumtolea hata neno moja la matusi. Nilimkalisha kwenye kochi, nikampa chai, nikamfukuza kwa heshima. Mkimaliza kusoma mnitukane.

Kwetu ni magharibi, karibu na ziwa. Zamani mto ulikuwa unafurika, halafu baada ya wiki mbili unarudi mahali pake. Siku hizi hauna adabu! Mvua inakuja wakati wowote inapotaka, na ziwa nalo limepanda likakataa kushuka. Maji yaliingia kwa mama, yakabomoa jiko, yakafunika kaburi la baba, yakakaa hapo hapo. Majirani walihamia kwenye mahema, uwanja wa shule ya msingi.

Mama hakuwa na mtoto mwingine. Ni mimi tu, niliyeolewa Buruburu, Nairobi. Akaja na mfuko wa nailoni na kuku mmoja.

"Hata jikoni nitalala, mwanangu," aliniambia akicheka. "Wacha tu maji yapungue."

Siku tatu! Nilimvumilia siku tatu pekee. Nguo zake zilinuka matope hata nikizifua. Na Jumapili wanawake wenzangu wa chama chetu cha akiba walikuwa wanakuja kwangu, watu niliowaambia kwamba kwetu tuna nyumba kubwa ya mawe. Aibu ya kijinga kabisa!

Mume wangu alikuwa Mombasa kikazi. Sikuwa nimemwambia kwamba mama amekuja. Hapo ndipo shetani aliponipa akili.

Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Ni mwiko mzito, na wazee wanasema unaletea watoto laana. Basi nikamwambia mama, "Baba watoto amepiga simu. Anasema mila haimruhusu arudi akukute unalala hapa."

Uongo mtupu!

Mama aliweka kikombe cha chai mezani. Kisha akasema, "Mkwe wangu ana haki. Shida ilinisahaulisha. Mwambie anisamehe."

Akaomba msamaha, jamani! Mimi namfukuza, yeye anaomba msamaha. Nikakimbia soko la Gikomba nikamchagulia blanketi zito la mtumba, nikajiona binti mzuri. Kesho yake akaondoka.

Hema alilopewa lilikuwa linavuja. Akaanza kukohoa. Kila nikipiga simu ananiambia, "Niko sawa. Msalimie mkwe." Wiki ya tano simu yake ilipokelewa na mjomba, na kabla hajasema chochote nilijua.

Hatukuweza kumzika kando ya baba. Boma lote lilikuwa maji, watu wanavua samaki pale tulipokuwa tunaanika mahindi. Tulimzika kwenye shamba la kanisa, katikati ya watu asiowajua.

Halafu mjomba akasimama mbele ya waombolezaji. "Tunamshukuru mkwe wetu," akasema. "Hata kwa shida hii ya mafuriko, alishika mila. Dada yangu alimsifu mpaka siku ya mwisho."

Mume wangu akanigeukia. Akauliza polepole, "Mila gani?"

Nililia, na watu wakadhani ni uchungu wa mama tu.

Tuliporudi Nairobi nilimweleza yote, naye akaniambia, "Mama watoto, jirani ana chumba cha nje, kitupu tangu mwaka jana. Mama angelala huko, ashinde kwetu. Ama mimi ningelala huko. Ungeniuliza tu." Hakupiga kelele. Tangu siku hiyo ananisalimu asubuhi kama mpangaji mwenzake, na watoto wameanza kutuangalia.

Ndugu zangu, msitumie mila kuficha roho mbaya. Na mtu wako akifukuzwa na maji, au na ukame, akabisha mlangoni kwako, usimuulize anarudi lini. Anarudi wapi? Kwao hakuna tena! Mimi nilijua kwamba kwao hakuna, na bado nilimkatia tiketi.