Sajenti Lokwang, Fundi wa Mitego

Sajenti Lokwang ameniua mara nyingi mno. Ameniunguza, amenizamisha, na kiboko wake wa vichwa viwili alinigawa vipande ufukweni Hamukungu. Kila mara nikimaliza kumlaani namwekea chai, maana ni mteja wangu, na kibanda changu cha chapati kiko kando ya lango la kambi yao ya jeshi hapa Kasese.

Mchezo wenyewe ni wa maneno. Lokwang huchora pango kwa chaki juu ya meza yangu, na kila mchezaji ana shujaa wake. Yeye anasema tunaona nini, sisi tunasema tunafanya nini, na dadu inaamua nani atatoka mzima. Aliujulia Nyakalengija, enzi alipokuwa akilinda wapanda mlima. Mvua iliwafungia ndani, wageni wakamkaribisha mchezoni, na walipoondoka wakamwachia dadu zao. Mitego ni yake mwenyewe.

Ni Mkaramojong, mrefu wa kugusa bati la kibanda changu kwa kichwa, na mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti. Utotoni alilinda ng'ombe dhidi ya wezi wenye bunduki, halafu jeshi likamwongezea elimu. Chumba kimoja cha pango lake hujaa maji na mawe kama mto Nyamwamba ukifurika, na mawe hayo husaga watu. Kingine kina bwawa la chumvi linalochuna ngozi. Anaeleza mfupa unavyochomoza kwa sauti ileile anayoombea sukari, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

"Hajati," aliniambia siku moja. Hunitania kwa jina hilo, ingawa Makka mimi naijua kwenye picha za kalenda tu. "Mtego haiko kwa sakafu. Iko kwa mtu. Nasoma mtu kwanza, halafu nachimba."

Na kweli alinisoma. Aliniwekea sanduku la dhahabu katikati ya chumba kitupu, nami kwa tamaa ya biashara nikapeleka mikono yote miwili. Kifuniko kikashuka. Mikono ikabaki ndani, mimi nikabaki nje, na mzee yule asiye na haya akaomba chapati nyingine.

Aliyesomeka upesi kupita wote ni Koplo Arthur. Shujaa wake aliitwa Rungu. Mlango ukitajwa tu, Arthur alikuwa ameshaupiga teke. Kijana mzuri, mcheshi, lakini kutangulia kulikuwa ndani ya damu yake, mchezoni na kazini.

Halafu jina lake likatoka pamoja na ya wenzake wa kuvuka mpaka kule Bwera, kuingia Kongo. Mkewe Ninsiima, mwenye mimba kubwa, alikuja kibandani, akaketi mbele ya Lokwang bila hata kusalimia vizuri.

"Mzee, huyu mtu yangu anapenda kutangulia. Mimi nikiongea anacheka. Wewe anakuheshimu. Muogopeshe. Muue vibaya kwa huo mchezo, mpaka akienda huko akumbuke."

Lokwang aliuzungusha mkongojo wake mkononi. "Nitamuua," akasema.

Jumamosi mchana tukakaa: Arthur, mimi, Lokwang na chaki yake. Ninsiima alijifanya anachambua maharage kando yangu. Hadithi ilikuwa ya kapteni wetu, aliyetekwa na mazimwi ndani ya mlima, nasi tumekwenda kumwokoa. Arthur akapiga teke mlango wa kwanza, akavunja taya la zimwi, akamtumbukizia mwingine mkuki wa jicho. Mimi nikawachoma waliobaki kwa moto wa kichawi, mafuta yao yakatiririka sakafuni. Tulikuwa tunacheka. Dadu zilitupenda siku ile.

Tukafika kwenye ushoroba wa giza, mwisho wake mlango. Lokwang akainuka juu ya mkongojo, akajaza kifua, akapiga kelele ya gwaride:

"Lala chini!"

"Nalala!" Arthur alijibu kabla mwangwi haujaisha. Wallahi hata mwili wake uliinama, paji la uso likagonga meza. Mimi raia sikujitikisa. Hakuna mtu aliyewahi kunilaza chini kwa kelele.

"Sakafu inafunguka," akasema Lokwang. "Chuma inaingia kwa tumbo, inatokea kwa mgongo. Haufi. Unasikia matumbo yako inavutwa. Unaita mama yako."

Aliendelea hivyo, polepole, hakumwachia hata kucha. Uso wa Arthur ukabadilika, kisha ngumi yake ikaruka. Lokwang akaanguka pamoja na birika langu, damu ikachafua michoro ya chaki.

"Hiyo siyo mtego, afande! Amri ni amri!"

"Sauti ilikuwa ya zimwi," Lokwang alisema akiwa chini. "Hukuuliza."

Nilimtazama Ninsiima. Alikuwa akitabasamu, maskini. Alidhani dawa imeingia.

Arthur alimwinua mzee. "Nisamehe, afande. Rudisha mlango. Nataka tena."

Lokwang hakutaka. Arthur akang'ang'ania, akapewa shujaa mpya na ushoroba uleule. Sauti ikapiga tena. Arthur akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, jasho likimchuruzika, meno yakisagana.

"Nasimama," akasema.

Lokwang aliweka chaki chini. "Mishale inakuja. Moja kwa kifua, moja kwa koo. Sauti ilikuwa ya kapteni wako mwenyewe. Umekufa."

Nilimtukana. Nilimwita mzee mwizi, mwongo, mchawi. Lakini Ninsiima alikuwa ameshasimama, maharage yakimwagika kutoka mapajani.

"Sasa afanye nini? Alale ama asimame?"

"Sijui."

"Hujui vipi na mtego ni yako?"

Lokwang alijifuta damu ya mdomoni. "Ile siku yetu, sauti iliita hivyo hivyo. Mimi nililala, bomu ilikuwa chini, ikakula mguu. Zedekia, rafiki yangu, alisimama. Risasi ikaingia kwa shingo, nikamsikia akikoroma mpaka akanyamaza. Miaka yote hii najenga huo mlango, natafuta pahali ya kupita. Sijapata."

Alilia mbele yetu, mtu mzima yule, nami hasira yote ikaniishia. Arthur alimwekea mkono begani.

Jumatatu malori yakaondoka kuelekea Bwera.

Juzi Arthur alipiga simu. Ninsiima alikuwa kibandani, akaiweka sauti ya juu ili mimi na Lokwang tusikie, akamuuliza bila kuzungukazunguka nani anatangulia huko.

"Siyo mimi, mpenzi. Mimi niko nyuma kabisa."

Kisha nyuma yake mtu akapaza sauti, "Koplo Arthur! Mbele!" Simu ikakatika. Ninsiima aliketi palepale vumbini, nami nikaacha chapati ziungue, nikaketi kando yake.