Nilimfunga Baba Mdomo Ili Nipate Sauti Safi ya Zeze

Admin, naomba unifichie jina, maana ndugu zangu wote wamo humu kwenye ukurasa wako na kaka yangu ndiye huwa wa kwanza kukomenti. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Ushirombo, naishi Shinyanga mjini. Ninachowaandikia nimekibeba tangu miaka ya tisini na hata mume wangu hakijui.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la kanda za muziki. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mpole sana, na mwanawe Salim alikuwa ametoka masomoni na kompyuta, akageuza chumba cha nyuma kuwa studio. Mimi nilikuwa najua kinanda cha kanisani, basi Salim akanifundisha kutunga kwa kompyuta. Wenzangu walikuwa wanasomea uchapaji, mimi nikajiona nimewapita wote. Kiburi kilinianzia hapo, nisiwafiche.

Kwaya moja ya Kagongwa ikaniomba niwatungie muziki wa kanda yao. Wimbo mmoja niliutaka uwe na chombo kimoja tu cha nyuzi, kilie peke yake. Salim alikuwa na disketi zenye sauti za vyombo, nota moja moja zilizorekodiwa Ulaya, ukibonyeza kinanda inalia fidla. Nikazijaribu siku tatu. Fidla ya kwanza ilikuwa tamu kupita kiasi. Ya pili ilitetemeka vilevile kila nota. Ile kubwa yenye sauti nzito ilikuwa inawameza waimbaji.

"Dada, nyuzi zikiwa nyingi kompyuta inadanganya vizuri," Salim akaniambia. "Chombo kikiwa kimoja, sikio linakamata uongo. Tafuta mtu tumrekodi."

Mtu nilikuwa naye nyumbani. Baba alikuwa mpiga zeze, na wiki hiyo alikuwa kwangu akitibiwa kifua. Alikuwa ameondoka kijijini bila kuagana na mama. Mama alikuwa amechoshwa na ngoma na pombe, akaliacha zeze nje likanyeshewa mpaka kibuyu chake kikapasuka. Baba akakiziba kwa nta, akalibeba, akaja kwangu. Na huyohuyo mama ndiye aliyetajwa kwenye kila wimbo wa baba. Nitamwita Nyamizi, si jina lake. Kijiji kizima kilijua kwamba baba hawezi kumaliza wimbo bila kumtaja Nyamizi.

Nikamkalisha mbele ya maikrofoni, tukiwa wawili tu. Nikamwambia, "Baba, sitaki wimbo. Nipe sauti moja, ivute mpaka iishe, halafu nyingine." Akavuta, na mdomo ukafuata. Nikamsimamisha. Akavuta tena, akaimba tena.

"Baba, funga mdomo, unaniharibia."

Akacheka kidogo, akakohoa. "Mayu, mwanangu, mkono huu haujui kutembea bila mdomo. Niache nimwimbie mama yako mmoja, umpelekee, tuyamalize. Kisha nitakupa hivyo vipande vyako."

Nikakubali shingo upande. Akaimba. Alimtaja mama mara nyingi, akasema zeze limepona na yeye hana kinyongo, akamwambia achemshe maji, anarudi. Alipomaliza nikairudisha kanda mwanzo na kurekodi nota zangu juu yake. Kanda ilikuwa hiyo moja, na mimi nilitaka sauti safi. Nilijisemea ataimba siku nyingine. Baba akakaa saa nzima amebana midomo, jasho linamtoka, mpaka nikapata nilichotaka.

Wiki mbili baadaye alifariki, hajarudi nyumbani.

Kabla ya kwenda kuanua matanga nikaona nimpelekee mama zawadi. Nilichukua zile nota, nikaupanga kwa kompyuta wimbo mmoja wa baba, nikautia kwenye kanda, na kule matangani nikawaambia watu wote kwamba aliupiga mwenyewe studio. Watu walilia. Mjomba akanishika kichwa akanibariki. Mama hakulia. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba urudiwe, kisha akaniuliza, "Hakuimba?"

"Kifua kilimbana, mama."

"Kikambana hata jina moja?"

Nikainama nikajifanya naitoa kanda kwenye redio. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipomkosea zaidi kuliko hata kule studio. Ningeweza kusema ukweli palepale. Lakini watu walikuwa bado wananisifu, nikaona aibu.

Mama hakuniuliza tena. Ile kanda aliitunza, baadaye kaka akamhamishia wimbo kwenye simu, na kila Jumapili akitoka misa anausikiliza. Mimi nilijifariji kwamba unampa raha. Mwezi uliopita aliugua, akatuita watoto wote. Akasema, "Mkinizika, msinilaze karibu na baba yenu. Alikufa hataki kunitaja, nisiende kumkera."

Kaka amembembeleza, amekataa. Mimi nilitoka nje nikalia mpaka wifi akanifuata na maji, akidhani nalilia ugonjwa. Kumbe miaka yote ile mama alikuwa anausikiliza wimbo kutafuta jina lake.

Nikimwambia, atajua mumewe alimsamehe, na atajua kwamba mimi ndiye niliyemwacha ajihukumu miaka yote hii hadi uzeeni. Hilo nimejiandaa kulibeba, hata akinifukuza. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Nilimdanganya mbele za watu akaniamini. Leo nikimwambia baba aliimba, atasema namfariji tu kwa sababu anaumwa, na ushahidi niliufuta kwa mkono wangu. Jumamosi nakwenda Ushirombo. Mlio na wazazi wazee, niambieni: nimwambieje mama yangu mpaka aniamini?