Viatu vya Asiyeshuka

Nilikuwa kwenye foleni ya kujiandikisha kwa mashindano ya baiskeli ya Saba Saba hapa Tabora. Mbele yangu alikuwapo mrina asali aliyeanguka mtini akitundika mzinga, akavunjika uti wa mgongo. Miguu yake haifanyi kazi. Alikuja na baiskeli ya magurudumu matatu, inayoendeshwa kwa mikono.

Karani akauma penseli. "Ndugu, zawadi ni viatu. Wewe vya nini?"

"Vya kuvaa."

Karani akamsomea kanuni kwa sauti, ili amkatishe tamaa: "Atakayeshuka njiani, ametoka."

"Hiyo nimeipenda," akasema mrina asali.

Siku ya siku, mchanga wa njia ya Itetemia ulitushusha sisi vijana wote mbele ya waamuzi, tukasukuma baiskeli tukicheka. Yeye alikwama, akazungusha, akakwama tena, lakini hakushuka. Alifika jioni, wenzake wameshamaliza pilau. Tukampigia makofi ya huruma, nami nikiwa wa kwanza, mpaka karani alipolazimika kuisoma tena kanuni yake, safari hii kwa sauti ndogo.

Mshindi akavivaa viatu palepale, akavitazama.

"Ninyi mngevimaliza soli kabla ya masika," akatuambia. "Mimi nitawarithisha wajukuu."