Komeo Orijino la Dege la Kaka

Kila Jumamosi kaka yangu akirusha dege lake, mimi nasimama pembeni ya uwanja nimeshika shoka.

Watu wananicheka. Wameshanibatiza jina, Mkata Kuni.

Siku ya kwanza shemeji yangu, mke wa kaka, aliniuliza, "Shemeji, na hilo shoka leo unamkata nani?"

Nikamwambia nimelitoa kwa fundi kulinoa. Akacheka, akaendelea kumpiga picha mumewe.

Leo nawaambia ninyi ukweli, maana yeye nimekatazwa kumwambia.

Iko hivi. Mimi na kaka ni mafundi wa magari, karakana alituachia baba. Ila kaka ana ugonjwa mmoja: vitu orijino. Kioo cha saa kikivunjika, atatembea na saa isiyosomeka mpaka apate kioo chenyewe. Mtaani wanamwita Orijino, na anafurahia.

Dege alilinunua kama chuma chakavu. Dege la jeshi la zamani, la mtu mmoja, lilikuwa limetupwa nyuma ya maghala, kuku wanatagia ndani.

Tulilifufua kwa miaka. Kila skrubu ilitakiwa iwe yenyewe. Geji moja ilitufikia kutoka nchi ambayo hata salamu yao siijui.

Mwisho kikabaki kitu kimoja tu. Komeo la kile kifuniko cha kioo kinachomfunika rubani kichwani.

Tulipolinunua dege, mahali pa komeo palikuwa na kipande cha nondo kilichokunjwa kwa mkono na kufungwa spring. Kibaya jamani! Kinapiga kelele kama geti bovu.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

"Huyu fundi alikuwa amelewa," kaka akasema, akakitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.

Basi tukaanza kusaka komeo lenyewe. Weee! Tulitafuta mpaka tukachoka kutafuta. Kila mwenye dege kama letu analia hilo hilo. Halipo. Yaani kama halikuwahi kutengenezwa.

Kaka akaanza kukonda. Ukimwambia arushe hivyo hivyo, anakukata jicho.

"Nikirusha na feki sijarusha."

Sasa siku moja nilikuwa kwenye simu namtafutia mke wangu cherehani ya mtumba. Nikaona picha ya cherehani nzuri, kitambaa kimetandikwa pembeni. Juu ya kitambaa kimewekwa chuma ili kisipeperuke.

Nikavuta picha karibu.

Umbo lile nalijua, limechorwa kwenye kitabu cha dege. Ni komeo!

Kesho yake niko mlangoni kwa mwenye cherehani. Mama mtu mzima, fundi wa kushona, futi ya kupimia shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, cherehani hiyo hapo."

"Mama, nisamehe. Mimi nimefuata hicho chuma."

Akaacha alichokuwa anakata. "Cha nini?"

Nikamweleza yote, dege, kaka, miaka ya kutafuta. Nilikuwa naongea kwa furaha kama mjinga. Yeye akavuta kiti, akakaa.

"Chuma hiki kilimuua kaka yangu," akasema.

Kaka yake alikuwa rubani. Hakuanguka. Alitua salama kabisa, ndipo injini ikawaka moto akiwa tayari yuko chini. Joto lilipopanda komeo likavimba, likagoma kufunguka.

"Mafundi wake walikuwa pale nje," akasema. "Wanavuta kwa mikono mpaka ngozi inabanduka. Yeye anagonga kioo, wanamwona. Mwanangu, uwanja mzima ule hakukuwa na shoka hata moja."

Baada ya mazishi, mafundi waliyang'oa makomeo yote, kwenye kila dege, wakayatupa shimoni na kumwagia zege. Moja tu wakamletea mama huyu, lile la kaka yake.

"Halafu wakatengeneza ya kwao kwa nondo. Mabaya, yanapiga kelele, lakini ukiyagusa hata kwa kiwiko yanafunguka."

Nondo. Kama ile tuliyoitupa kwenye pipa.

Kumbe hayakupotea. Yalizikwa makusudi na watu waliojua wanachofanya, na sisi tumekaa tukiwaita walevi.

Mama akaniwekea chuma mkononi. "Nilikifanya cha kukandamizia vitambaa ili nacho kiwe na kazi isiyoua mtu. Mpelekee kaka yako akione, umweleze. Kisha mkitundike ukutani. Asikifunge, mwanangu."

Nikamwahidi.

Kaka alipoliona alilia. Mtu mzima na ndevu zake, amepiga magoti kwenye oili. Nikamsimulia kila kitu. Alinisikiliza huku analifuta kwa shati lake.

Nilipomaliza akasema, "Hao hawakuwa wanapaka grisi."

"Kaka, ni moto. Grisi yenyewe si inaungua?"

Akalifunga siku hiyo hiyo. Funga, fungua, funga, fungua. Laini kabisa.

"Unaona?"

"Unalipima likiwa baridi!"

"Wewe ulikuwa mwoga tangu tunanyonya. Na ukienda kumtia mke wangu hofu, usinihesabu ndugu yako."

Nilikimbilia pipa kuitafuta ile nondo. Pipa tupu, kila kitu kilishabebwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikakata nondo nyingine, nikaikunja mwenyewe, nikampelekea.

Akaishika kwa vidole viwili. "Kafungie geti lako."

Najua mnaniuliza, si ungeliiba tu? Niliiba. Nililing'oa nikalificha. Kaka hakugombana. Alichukua waya wa kufungia uzio, akaanza kukifunga kifuniko nao ili aruke hivyo hivyo. Waya haufunguki hata bila moto, nikalirudisha komeo mwenyewe, kwa mkono wangu.

Akaruka. Watu wakapiga makofi, shemeji akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye injini tu, natafuta moshi. Akatua, akafungua kifuniko, akanipungia mkono.

Ndiyo imekuwa kila Jumamosi.

Jumamosi iliyopita alinituma nikamletee miwani yake ndani ya dege. Nikapapasa chini ya kiti.

Mkono ukagusa mpini.

Nikavuta. Shoka dogo, jipya, mpini umezungushiwa utepe vizuri ili lisiteleze. Kazi ya mikono ya kaka, naijua hata nikiwa nimefumba macho.

Kumbe aliniamini. Siku ile ile amepiga magoti kwenye oili, aliniamini neno kwa neno.

Nikakaa kwenye kiti chake, nikavuta kifuniko kikanifunika, nikajaribu kuinua lile shoka. Kiwiko kikagonga upande huu. Nikageuza, kichwa cha shoka kikagonga upande ule. Hakuna nafasi. Hata mtoto asingeweza kulizungusha mle ndani.

Ndipo nikaona mikwaruzo kwenye kioo, kwa ndani, usawa wa mkono. Mingi, mingine imeshafifia, mingine mipya.

Alishajaribu. Na anajua haiwezekani.

Nikarudisha shoka mahali pake, nikampelekea miwani.

"Mbona umechelewa?"

"Nilikuwa naitafuta."

Akanitazama kidogo. Nikamtazama. Akavaa miwani yake, akapanda.

Ndugu zangu, ukiona kitu kimeadimika dunia nzima, kabla hujahangaika nacho waulize waliokuwa nacho walikitupa kwa nini. Mimi niliuliza, nikajibiwa, nikalipeleka komeo nyumbani hivyo hivyo.

Kesho ni Jumamosi. Shoka nimeshalinoa.